Njaa ndani ya maji: kwa nini lava wa kereng'ende hudumaa kabla ya kufa

Swali la msomaji: "Ndugu mtaalamu, mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Mwezi wa tatu, mimi na wanafunzi wangu tulikusanya lava 30 wa kereng'ende (watoto wake waishio majini) kutoka bwawa lililo karibu na shule, tukawaweka katika beseni kubwa lenye maji na majani ya majini. Tunawalisha viluwiluwi wa mbu ambao wanafunzi huwachota madimbwini. Baada ya wiki tano wamebaki 11. Watatu ni wakubwa sana na wamekwisha kuota vifuko vya mabawa mgongoni. Wanane waliobaki ni wadogo karibu kama siku tuliyowaleta. Hatukuona mzoga hata mmoja. Je, hao wengine wamekufa kwa njaa? Na kama tungewapa chakula mara mbili ya hicho, wangekua mara mbili ya hapo?"

Jibu:

Mwalimu, njaa imehusika, ingawa si kwa namna unayoidhania. Mdudu mwindaji wa majini anapopungukiwa chakula, anachopoteza kwanza ni muda, kisha ukubwa wa mwili. Uhai huja mwisho, na mara nyingi kinachomwondolea uhai huo si tumbo tupu, bali ni mwenzake mwenye njaa, au samaki, au dimbwi linalokauka kabla hajaota mabawa. Hao 19 ambao mizoga yao haikuonekana yaelekea karibu wote waliliwa na wenzao, na sehemu kubwa ya nyama yao sasa imo katika miili ya wale watatu wakubwa. Ama kuhusu kuongeza chakula mara mbili, nyongeza hiyo ingewafaa sana wale wanane wadogo kama ingekuwa ya aina wanayoweza kuikamata, na isingewaongezea wale watatu karibu chochote.

Jambo la kwanza la kupima si idadi ya viluwiluwi waliomo katika beseni, bali ni wangapi kati yao ambao lava fulani anaweza kuwafikia, kuwatambua na kuwashika. Lava wa kereng'ende hukamata windo kwa mdomo wake wa chini, ambao hukaa umekunjwa chini ya kichwa ukiwa na kulabu mbili mwishoni. Windo likisogea karibu, mdomo huo hufyatuka mbele, hunasa na kurudi katika muda ulio chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kinachomchochea kufyatua ni mwendo wa windo, anaouona kwa macho au kuuhisi kwa vipapasio na vinyweleo vya miguuni. Kwa hiyo kiluwiluwi aliyekufa na kuzama si chakula kwake, hata akiwa mnono namna gani, na kipande cha nyama kilichotupwa majini kitaoza tu pale kilipoangukia.

Ukubwa nao huweka mpaka. Lava aliyetoka karibuni katika yai hula vijidudu vya chembe moja na viroboto-maji (vidudu vya majini vya jamii ya kamba) walio wadogo kabisa. Aliyekaribia kuota mabawa, hasa wa jamii kubwa kama Anax imperator, anaweza kukamata kiluwiluwi wa chura au kifaranga wa samaki. Viluwiluwi wa mbu ambao wanafunzi wako huwachota bila shaka ni mchanganyiko, lakini chandarua au chujio la chai hunasa zaidi walio wakubwa, na mkubwa huyo hupiga mkia kwa nguvu kiasi kwamba lava mdogo hushindwa kumdhibiti au hukimbia kabisa. Tena viluwiluwi wa Anofelesi, mbu waenezao malaria, hulala sambamba chini ya uso wa maji na hushuka kwa nadra, hali lava wengi wa kereng'ende wa jamii ya Orthetrum hukaa sakafuni, wamejifunika tope. Mwindaji aliye chini na windo lililo juu hawakutani mara nyingi. Ndiyo maana inawezekana kabisa wale wanane wamekaa wiki tano katika beseni lenye chakula tele huku wao wakiwa na njaa.

Sasa tuchukulie kwamba windo ni la ukubwa unaofaa na lipo mahali panapofaa. Je, mwindaji atakula zaidi kadiri mawindo yanavyoongezeka? Mwanaikolojia wa Kanada, C. S. Holling, alilieleza jambo hili mwaka 1959 kwa jaribio lisilohitaji mdudu yeyote: mtu aliyefungwa kitambaa machoni alipapasa meza kwa kidole akitafuta vipande vya duara vya karatasi ya msasa, na kila alipokipata kimoja alikiondoa na kukiweka kando. Vipande vilipokuwa vichache, muda wake mwingi uliishia katika kutafuta. Vilipokuwa vingi, muda wake wote uliishia katika kuondoa na kuweka kando, na baada ya hapo kuongeza vipande mezani hakukuongeza tena idadi aliyoweza kuikusanya. Wadudu wawindaji wa majini hufuata mkondo huohuo. Idadi ya mawindo wanayokula hupanda kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hupungua, na mwishowe hufika kikomo ambacho hakivukwi hata maji yakijaa viluwiluwi.

Kwa lava wa kereng'ende kikomo hicho huwekwa pia na utumbo. Anaweza kukamata viluwiluwi kadhaa mfululizo kwa dakika chache, lakini akishashiba lazima asubiri chakula kisagike, na usagaji huo hutegemea joto la maji. Kwa sababu hiyo vipimo vya saa moja au mbili, ambavyo wanafunzi hupenda kuvifanya kwa kuwa vinasisimua, hutoa picha ya ulaji iliyo kubwa kupita ukweli wa siku nzima. Kwa wadudu wanaofyonza, mfano wale wanaoogelea chali wa jamii ya Anisops, au wale wa jamii ya Appasus ambao dume hubeba mayai mgongoni, hali ni ya ajabu zaidi kidogo: mawindo yakiwa mengi, mdudu huacha windo kabla ya kulimaliza na kushika jingine, kwa sababu juisi ya mwanzo hutoka kwa urahisi na ya mwisho hutoka kwa taabu. Hapo idadi ya waliouawa hupanda bila kiasi cha chakula kilichoingia mwilini kupanda kwa uwiano huo. Anayetaka kujua ukuaji asiridhike na kuhesabu maiti wa mbu.

Chakula kinachoingia hutumika kwa mpangilio usiobadilika. Nyama ya mawindo husagika vizuri, na lava wa kereng'ende mara nyingi hufyonza zaidi ya asilimia 80 ya nishati iliyomo. Kutokana na nishati hiyo, gharama ya kuishi tu hulipwa kwanza: kupumua, kusukuma maji ndani na nje ya utumbo wa nyuma ambako matamvua yake yamo, kutengeneza upya chembe zilizochakaa. Kinachobaki ndicho hujenga mwili. Kwa hiyo kuna kiwango cha chakula ambacho mdudu hutumia chote kwa kuishi na habaki na kitu cha kukulia. Chini ya kiwango hicho huanza kuula mwili wake mwenyewe, na juu kidogo ya kiwango hicho kila kiluwiluwi mmoja wa ziada huleta tofauti kubwa. Wale wanane wako yaelekea wamekuwa wakizunguka karibu na mstari huo. Hawafi, wala hawakui.

Kiwango chenyewe hupanda maji yakipata joto, kwa kuwa gharama ya kuishi huongezeka. Beseni lililo juani huko Morogoro huwa na maji yenye joto kuliko bwawa lenye kina, na lava aliye humo huhitaji chakula kingi zaidi ili abaki alivyo. Akishiba, joto hilo humsaidia kukua upesi. Akikosa, humwangamiza upesi. Umri nao una neno lake. Mwili mdogo hutumia nishati nyingi zaidi kwa kila gramu, na una akiba ndogo, hivyo lava wa siku chache tangu kutoka katika yai hufa njaa baada ya siku chache, wakati aliyekomaa anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula, ametulia, akisubiri. Katika maisha yake yote, kipindi ambacho njaa yenyewe, bila msaidizi, humuua kwa wingi ni hicho cha mwanzo, akiba ya kiini cha yai inapokwisha naye hajapata bado kijidudu cha kwanza. Lava mliowakusanya walikuwa wamekwisha kuvuka kipindi hicho, nayo ni sababu mojawapo inayonifanya nisiamini kwamba 19 walikufa kwa kukosa chakula.

Ukuaji wa mdudu huenda kwa ngazi. Ngozi yake ngumu haitanuki kichwani wala miguuni, hivyo hulazimika kujivua, na katika muda mfupi kabla ngozi mpya haijakauka mwili hupanuka. Kereng'ende hujivua mara nyingi, mara 8 hadi 17 hivi kutegemea spishi na hali, tena hana hatua ya bundo (hatua ya kati ya lava na mdudu mzima) kama kipepeo au mbu. Mwaka 1890 Mmarekani Harrison Dyar alionyesha, kwa kupima viwavi wa vipepeo na nondo, kwamba upana wa kichwa huongezeka kwa uwiano unaokaribiana kila mdudu anapojivua. Kwa lava wa kereng'ende ongezeko hilo huwa ni kama robo ya upana uliotangulia. Kwa kipimo hiki kimoja, ambacho rula nzuri na kioo cha kukuzia vinatosha kukifanya, unaweza kusema lava fulani amepanda ngazi ngapi tangu ulipomleta.

Njaa huingia katika mpango huu kwa milango mitatu. Kwanza, muda kati ya kujivua kumoja na kufuatako hurefuka, na huu ndio mlango mpana kuliko yote. Pili, ongezeko la ukubwa katika kila ngazi hupungua. Tatu, baadhi ya kereng'ende huongeza ngazi moja ya ziada, kana kwamba mwili unakataa kwenda katika utu uzima kabla haujafikia kimo kinachostahili. Watafiti J. H. Lawton, B. A. Thompson na D. J. Thompson walichapisha mwaka 1980 huko Uingereza uchunguzi wa suala hilihili juu ya lava wa Ischnura elegans, kereng'ende mwembamba wa Ulaya, waliolishwa viroboto-maji kwa viwango tofauti. Ndugu yake wa huku kwetu, Ischnura senegalensis, ni miongoni mwa kereng'ende wanaoonekana sana kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga ya Tanzania, na kwa mradi wa darasani ningemchagua yeye kuliko hao wakubwa, kwa sababu hukua haraka na huonyesha tofauti ya chakula bila kusubiri muhula mzima.

Ukubwa uliopotea katika ulava haurudi. Kereng'ende akishaota mabawa anaweza kunenepa kwa kula mbu na nzi angani, lakini urefu wa bawa na upana wa kifua vimekwisha kupangwa majini. Jike mdogo kwa kawaida hubeba mayai machache. Dume mdogo, katika spishi ambazo madume hugombea maeneo, hushindwa na wakubwa. Kwa hiyo dimbwi lenye njaa huacha alama juu ya kizazi kinachofuata, hata kama kila lava aliyemo alitoka akiwa hai.

Nirudi kwenye wale 19, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Lava wa kereng'ende hulana wenyewe kwa wenyewe, na kinachoamua nani atamla nani ni tofauti ya ukubwa. Wawili walio sawa hutishana na kuachana. Mmoja akimzidi mwenzake kwa ngazi mbili au tatu za kujivua, mdogo huwa windo kama windo jingine lolote. Anayejivua ngozi huwa hatarini hata mbele ya aliye sawa naye, kwa kuwa kwa muda huo mwili wake ni laini na hawezi kukimbia. Sasa tazama jinsi jambo hili linavyojilisha lenyewe. Katika lava 30 mliowaleta, wachache walikuwa wakubwa kidogo kuliko wengine. Hao waliweza kukamata viluwiluwi wakubwa mliowamwaga, wakakua, na tofauti ikapanuka. Ilipopanuka vya kutosha, wenzao nao wakawa chakula, tena chakula bora, chenye wingi wa nyama na kisichohitaji kufuatwa juu ya maji. Waliobaki wadogo, kwa upande wao, walijificha. Lava mdogo akihisi mkubwa yuko karibu hupunguza kusogea na hupunguza kuwinda, na anayepunguza kuwinda hula kidogo hata mawindo yakiwa mengi. Mark McPeek, aliyechunguza kereng'ende wa jamii ya Enallagma katika maziwa ya Marekani, ameonyesha kwa kina jinsi lava wanavyolazimika kuchagua kati ya kula na kujificha, na jinsi spishi zinazoishi na samaki zinavyotofautiana na zinazoishi na lava wakubwa wa kereng'ende kama maadui. Hofu, kwa hesabu za ukuaji, ni sawa na upungufu wa chakula.

Lakini njaa inapozidi, mdogo huyohuyo hulazimika kutoka mafichoni, na hapo huliwa. Ukiandika katika daftari kwamba amekufa kwa kuliwa, umeandika kweli. Ukiandika kwamba njaa ndiyo iliyomtoa, umeandika kweli pia. Nadhani hii ndiyo sababu tafiti za mabwawani zilisumbua sana wataalamu waliotaka kutenga vifo vya njaa na vifo vya kuliwa. Havitengeki kirahisi.

Je, kushiba huondoa kulana? Hupunguza, hasa pale wote wanapoweza kushiba. Hakuondoi. Mfano ulio wazi zaidi unatoka Panama, kwenye kisiwa cha Barro Colorado, ambako Ola Fincke alichunguza kwa miaka mingi Megaloprepus coerulatus, kereng'ende mwembamba ambaye mabawa yake yakitandazwa hufikia takriban sentimita 19, naye huzaliana katika maji yaliyojaa ndani ya mashimo ya miti. Humo lava wakubwa huua wadogo hata wanapopewa chakula cha kutosha, mpaka idadi inapungua na kufikia takriban lava mmoja kwa kila lita moja au mbili za maji. Katika shimo dogo hutoka mmoja tu. Huko ni kuua mshindani wa kesho, kabla chakula hakijaisha. Kwa msomaji wa pwani yetu habari hii si ya mbali: misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania ina Coryphagrion grandis, ambaye lava wake huishi pia katika mashimo ya miti, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba jamaa zake wa karibu ni haohao wa Amerika ya Kati na Kusini. Katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, mashimo ya miti hukaliwa na lava wa kereng'ende mwingine, Hadrothemis camarensis. Beseni lako, lenye kuta laini na majani machache, linafanana na shimo la mti kuliko linavyofanana na bwawa mlikowatoa.

Kuhusu muda, ambao nimesema ndicho kitu cha kwanza kupotea, ni vema kueleza kwa nini una uzito. Katika bwawa la kudumu, lava anayechelewa mwezi mmoja anakabili mwezi mmoja zaidi wa kuliwa na samaki. Katika dimbwi la mvua, kuchelewa huko ni kifo kamili. Pantala flavescens, kereng'ende wa rangi ya manjano ambaye huonekana kwa makundi wakati wa mvua, hutaga katika madimbwi ya muda ambayo hayana samaki na yana chakula tele, na lava wake katika maji ya joto huweza kukamilisha ukuaji kwa siku 40 hadi 65 hivi. Hii ndiyo spishi ambayo Charles Anderson, katika makala yake ya mwaka 2009, alipendekeza kwamba huvuka Bahari ya Hindi kutoka India kupitia Maldivi hadi Afrika Mashariki, ikifuata pepo na mvua zinazokuja na vuli. Maisha yake yote yamejengwa juu ya dhana kwamba dimbwi jipya lina chakula kingi na muda mfupi. Dhana hiyo isipotimia, dimbwi hukauka lava akiwa bado amebakiza ngazi mbili.

Kwa kuwa muda una thamani hiyo, lava aliyepitia njaa kisha akapata chakula mara nyingi hukua kwa kasi kuliko yule ambaye hakuwahi kukosa. Ukiwatenga wale wanane na kuwalisha vizuri, usishangae ukiona hivyo, wala usihitimishe kwamba njaa haikuwadhuru. Robby Stoks na wenzake, Marjan De Block na McPeek, walionyesha katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2006 na baada yake, juu ya kereng'ende wembamba wa jamii ya Lestes, kwamba ukuaji huo wa kufidia huacha gharama isiyoonekana kwa rula: kinga ya mwili hupungua, na chembe hupata madhara yatokanayo na oksijeni kutumika kwa kasi. Kwa macho, mdudu aliyefidia anafanana na aliyekula vizuri siku zote. Ndani hawafanani.

Si wawindaji wote wa majini wanaoitika njaa kwa namna hii, na kuna mmoja ambaye Mtanzania hana budi kumjua. Toxorhynchites brevipalpis ni mbu mkubwa ambaye jike wake hanyonyi damu, na lava wake hula lava wa mbu wengine katika mashimo ya miti, makopo na matairi yaliyotupwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Milan Trpis alimchunguza Dar es Salaam pamoja na windo lake, Aedes aegypti, anayeambukiza homa ya dengi; Philip Lounibos naye alichapisha mwaka 1979 uchunguzi wake wa pwani ya Kenya. Mbu huyu hana uhuru wa kuongeza ngazi: hujivua idadi ileile ya mara kama mbu wengine, awe ameshiba au la. Anachoweza kurefusha ni muda wa hatua ya nne, ya mwisho, ambayo chakula kikiwa haba huweza kuendelea kwa miezi. Kisha, akikaribia kuwa bundo, huanza kuua viluwiluwi bila kuwala. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba huondoa wote wanaoweza kumdhuru atakapokuwa bundo asiyeweza kujitetea, wakiwamo ndugu zake.

Nimetaja habari ya mbu kwa sababu najua swali linalofuata darasani litakuwa kama lava hawa wanaweza kutumiwa kupunguza malaria au dengi. Katika mji wa Yangon, Myanmar, jaribio lililochapishwa mwaka 1990, ambalo mtaalamu wa kereng'ende Philip Corbet alishiriki, lilitumia lava wa Crocothemis servilia waliowekwa kila mwezi katika vyombo vya maji vya nyumbani, na Aedes walipungua. Corbet huyo aliwahi kufanya kazi Jinja na Entebbe, nchini Uganda, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na mengi aliyoyaandika baadaye juu ya kereng'ende yalianzia katika maji yetu. Angalia lakini kwamba katika Yangon lava waliwekwa upya kila mwezi. Mwindaji anayefanya kazi yake vizuri katika chombo kidogo humaliza chakula chake mwenyewe, kisha hudumaa, hula wenzake au hufa. Katika mtungi hakuna bwawa la kumletea windo jingine.

Sasa kuhusu beseni lako. Watenge wale watatu leo hii, kila mmoja katika chombo chake, hata kopo la plastiki la lita moja linatosha, na kila chombo kiwe na kijiti kinachotokeza juu ya maji ili wapate pa kupanda watakapoota mabawa. Ukiwaona wameacha kula siku chache kabla ya hapo, usidhani wanaumwa. Kereng'ende huacha kula mdomo wake unapobadilika kuwa wa mdudu mzima. Wale wanane wapange kwa ukubwa, na wale wasiolingana wasikae pamoja. Wape viroboto-maji na viluwiluwi wachanga, ambao utawapata kwa kuchuja maji ya dimbwi kwa kitambaa chepesi badala ya chujio la chai, na uwaongezee mimea yenye majani membamba ili wapate pa kujishikiza na pa kujificha. Walishe kidogo kila siku kuliko kingi mara moja kwa wiki, kwa sababu mawindo yasiyoliwa hufa, huoza na kumaliza oksijeni. Kama maji yanatoka bombani, yaache wazi siku moja kabla ya kuyatumia. Na vyombo vyote vifunikwe kwa chandarua, maana kiluwiluwi aliyemponyoka lava wako atatoka akiwa mbu ndani ya uzio wa shule.

Mkitaka kufanya jaribio lenye maana, gaweni hao wanane katika vyombo vinane, wanne wapewe chakula kingi na wanne kidogo, na mpime upana wa kichwa kila mnapookota ngozi iliyovuliwa, kwa kuwa ngozi hiyo ina kipimo cha kichwa alichokuwa nacho kabla ya kujivua na haihitaji kumsumbua mdudu. Andikeni tarehe ya kila ngozi. Tofauti itaonekana kwanza katika safu ya tarehe. Safu ya upana itafuata baadaye, na pengine safu ya vifo itabaki tupu mpaka mwisho, kwa kuwa mtakuwa mmewatenga na waliokuwa wakiwala.